Hirizi Golini: Uganda na Rwanda, Juni 2003

Tarehe 7 Juni 2003 timu ya taifa ya Uganda, Cranes, iliwakaribisha Rwanda jijini Kampala katika mechi ya kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika. Uganda walishambulia, nafasi zikaja, mpira ukakataa kuingia. Ikaanza minong'ono kwamba kuna kitu kimewekwa kwenye goli la Rwanda, juju, na wachezaji wa Uganda wakataka kitolewe. Kipa wa Rwanda, Mohammed Mossi, akajikuta katikati ya mzozo uliogeuka kuwa ngumi. Polisi wakaingia uwanjani, mchezo ukasimama kwa muda mrefu. Jimmy Gatete, mshambuliaji wa Rwanda, aliendelea kucheza kichwa kimezungushiwa bendeji. Ndiye aliyefunga goli pekee la siku hiyo. Uganda 0, Rwanda 1.

Ninafundisha mpira wa vijana hapa Arua, Uganda, na kisa hiki nakisikia kila msimu kutoka kwa watoto ambao mwaka 2003 walikuwa hawajazaliwa. Wamekipokea kwa kaka zao na wajomba zao, na wote hukimalizia mahali pamoja: Wanyarwanda walituroga. Naona simulizi hiyo imekaa vibaya, na inaendelea kutuumiza. Mechi ile tuliiachia wenyewe pale tulipoacha kucheza mpira tukaanza kupigana na hirizi. Zaidi ya hapo, tulifanya hivyo tukiwa watu wa dini, katika nchi ambayo wito wake rasmi unamtaja Mungu kabla ya taifa. Hilo la pili ndilo lililonifanya nikae niandike.

Tuanze na hesabu, kwa sababu simulizi za mtaani huiruka. Kundi lilikuwa la timu tatu: Uganda, Rwanda na Ghana. Uganda waliwafunga Ghana 1-0 nyumbani, kisha wakatoka sare ya 0-0 na Rwanda kule Kigali. Rwanda nao walikuwa wamefungwa na Ghana 4-2. Kwa hiyo asubuhi ya tarehe 7 Juni Uganda walikuwa na pointi 4, Ghana 3, Rwanda 1. Baada ya mechi ya Kampala, Uganda walikwenda Ghana wakapata sare ya 1-1, na mwezi Julai Rwanda wakawafunga Ghana 1-0 kule Kigali, mfungaji akiwa Gatete tena. Rwanda wakamaliza na pointi 7, Uganda 5, Ghana 4.

Sasa chukua matokeo hayo yote kama yalivyo, ubadilishe mechi ya Kampala peke yake iwe 0-0. Uganda wanafika pointi 6, Rwanda wanabaki na 5. Uganda wanakwenda kwenye fainali za Tunisia mwaka 2004. Sare ilitosha! Timu iliyokuwa ikiongoza kundi, ikichezea kwao, mbele ya watu wao, haikuwa na sababu ya kuona kila mpira uliokosa goli kama msiba. Wachezaji wale wasingeweza kujua matokeo ya Julai, hilo nalikubali. Lakini walijua msimamo wa kundi siku ile, na mtu mwenye pointi 4 akicheza na mwenye 1 anao muda. Walicheza kama watu wasio na muda kabisa.

Kwa nini? Uganda walikuwa hawajafika fainali hizo tangu 1978, mwaka waliofungwa na Ghana 2-0 kwenye mechi ya mwisho mjini Accra. Robo karne ya kusubiri ni mzigo juu ya mabega ya kijana wa miaka ishirini na kitu. Kisha kulikuwa na jambo zito kuliko mpira. Majeshi ya Uganda na Rwanda, yaliyoingia Kongo yakiwa washirika, yalipigana yenyewe kwa yenyewe mjini Kisangani mwaka 1999, na tena mwaka 2000. Mapigano ya Juni 2000 yalidumu siku sita, na raia wa Kongo wasio na ugomvi na yeyote kati yao waliuawa kwa wingi. Kampala ya 2003 ilikuwa bado na familia zilizokuwa na makaburi mapya kutokana na Kisangani. Mnyarwanda aliyeingia uwanjani siku ile hakutazamwa kama mpinzani wa dakika tisini. Alikuwa ameshatuhumiwa kabla ya kugusa mpira, na tuhuma ya uchawi ilipata udongo uliokwisha kulimwa.

Tuje kwenye goli lenyewe. Kulikuwa na nini pale? Vijana wangu huniuliza swali hili kwanza, na mimi huwaambia tulipime kwa kila upande. Huenda hapakuwa na kitu cha maana: taulo, kitambaa, glavu za akiba, vitu ambavyo kila kipa huweka karibu na nyavu. Huenda palikuwa na hirizi kweli, na aliyeiweka aliiamini. Huenda pia kiliwekwa kitu cha bure kabisa, kwa makusudi, ili Uganda wakione, waogope, waache kucheza. Katika hali ya kwanza, aliyepigwa amepigwa bila kosa. Katika ya pili, amepigwa kwa imani yake, wakati ambapo nahodha angeweza kumwendea refa akaomba kitu kile kitolewe. Katika ya tatu, kila ngumi iliyorushwa ilikuwa zawadi kwa aliyetega. Sioni hali hata moja ambamo kumvamia kipa kunageuka kuwa jambo la haki, au hata la busara.

Hapo ndipo imani inapoingia, na nataka kusema polepole kwa sababu wengi hukimbilia kudhihaki. Waganda wengi ni Wakristo, na Waislamu ni kama mmoja kati ya watu saba. Wengi wao, pande zote mbili, wanaamini kwamba uchawi upo. Siwezi kuwaambia kwamba dini zao zinakanusha, kwa sababu hazikanushi. Mwislamu anasoma Suratul Falaq akijikinga na shari ya wapulizao mafundoni na shari ya hasidi anapohusudu. Mkristo anasoma katika Matendo ya Mitume habari za wachawi wa Efeso waliochoma vitabu vyao hadharani. Hofu ya wachezaji wale ilikuwa ya kweli, na mtu asiichekelee.

Lakini tazama dini hizo zinamwagiza nini mwenye hofu hiyo. Sura ile inamwambia aombe kinga kwa Mola wa mapambazuko. Haimwambii amkabe koo yule anayemshuku. Na wale wa Efeso walichoma vitabu vyao wenyewe, walivyovinunua kwa fedha yao, baada ya kuamini. Hakuna aliyekwenda kuchoma vya jirani. Mchezaji aliyepiga ishara ya msalaba wakati wa kuingia uwanjani, au aliyenyanyua mikono kusoma dua, alikuwa ameshasema kwamba mambo yake yako mikononi mwa Mungu. Kisha dakika kadhaa baadaye anatangaza kwa matendo kwamba kijifurushi kilicho nyuma ya mlingoti kina nguvu ya kumzuia Mungu huyo. Nadhani siku ile hakuna aliyeipa ile hirizi heshima kubwa kuliko waliokimbia kwenda kuing'oa.

Na kuna dhambi ya pili, inayosemwa kidogo zaidi, nayo ni dhana. Qur'ani, katika Suratul Hujurat, inawaonya walioamini wajiepushe na dhana nyingi, kwani baadhi ya dhana ni dhambi. Amri Kumi zinakataza kumshuhudia jirani uongo. Kumwita mtu mchawi mbele ya umati wenye hasira, bila ushahidi ila mpira uliogonga mwamba, ni kumshuhudia. Kama si kweli, umemdhulumu. Na hata ukijiridhisha kwamba ni kweli, umati hauna kiasi katika kuadhibu.

Dini hizi zina mifano ya watu walioshindwa wakakaa vizuri, na nashangaa jinsi mahubiri yetu yanavyoiacha. Upo ule wa ngamia wa Mtume Muhammad, aliyeitwa Adhbaa, ambaye hakuwahi kushindwa mbio. Akaja bedui mmoja na ngamia wake mdogo akamshinda. Masahaba wakaona uchungu. Mtume akawaambia kwamba ni haki ya Mwenyezi Mungu kwamba hakuna kinachoinuka duniani ila atakishusha. Hakuuliza bedui alimlisha nini ngamia wake. Hakutafuta fundo kwenye hatamu. Naye Paulo, akimwandikia Timotheo, anasema mshindanaji hapewi taji asiposhindana kwa halali. Katika mawaidha ya vijana mimi hutumia haya mawili pamoja: la kwanza linahusu namna ya kushindwa, la pili namna ya kushinda.

Rwanda nao siwaachi. Kama kitu kiliwekwa golini ili kuwasumbua wenyeji, huko si kushindana kwa halali, na ushindi haufuti jambo hilo. Anayewapenda watu wa timu yake hawatii aibuni hivyo. Katika kisa hiki tunawatazama Waganda zaidi kwa sababu ndio walioanza kukimbilia golini, na kwa sababu mimi ni wa hapa. Aibu ya nyumba ya jirani ana wa kuishughulikia.

Tatizo lenyewe halikuanzia Kampala. Mwaka mmoja na miezi kadhaa kabla ya hapo, Februari 2002, kule Bamako, polisi wa Mali walimkamata Thomas Nkono, kocha wa makipa wa Kamerun, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, wakimtuhumu kuweka ndumba uwanjani. Kamerun walicheza wakashinda 3-0. Vijana wangu nao wana kisa chao cha kunijibu. Desemba 2016, katika ligi ya Rwanda, mshambuliaji wa Rayon Sports aliyekuwa amekosa bao alikimbia hadi kwenye mlingoti wa goli la Mukura Victory, akachomoa kitu, akafukuzwa na wapinzani, na baadaye akafunga goli la kusawazisha. "Umeona, mwalimu? Alipoitoa tu, goli likaja."

Sipuuzi hoja hiyo. Huwajibu kwamba mtu anayeamini amefungwa hucheza kama aliyefungwa, na akiamini amefunguliwa, miguu humrudia. Hofu yenyewe inatosha kuharibu shuti; haihitaji msaada. Wakala wa hofu hiyo anaweza kuwa kitambaa chochote. Shirikisho la soka la Rwanda, FERWAFA, lilijibu tukio lile kwa kuweka adhabu dhidi ya ushirikina viwanjani, na mimi nimeona ni sawa kwa sababu moja tu: adhabu iligusa kitendo kinachoonekana. Refa hana kipimo cha uchawi. Ana kipimo cha mchezaji anayetoka nafasi yake kwenda kugombana nyuma ya goli.

Nchi yetu inalijua tatizo hili la kipimo nje ya uwanja pia. Sheria ya Uchawi tuliyorithi ni ya mwaka 1957, iliyotungwa chini ya Waingereza, na ilimruhusu hakimu kumfukuza mtu nyumbani kwake baada ya kumtia hatiani kwa uchawi. Mwaka 1997 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba kumfukuza mtu hivyo kunapingana na Katiba, kwa kuwa anayetengwa na ardhi yake na watu wake ananyimwa riziki na utu. Yeyote aliyeishi kijijini anajua wanaotajwa kwanza mtoto anapofariki ghafla: mwanamke mzee aliyebaki peke yake, mgeni, tajiri asiyechangia. Kipa wa Rwanda mwaka 2003 alikuwa mgeni. Alikuwa amekidhi sifa zote za mshukiwa.

Nafika kwenye siasa, na hapa lazima niwe mwangalifu na methali. Asiyekubali kushindwa si mshindani, tunasema, na methali hiyo hutupwa usoni mwa kila anayelalamikia uchaguzi. Sikubali matumizi hayo. Uchaguzi wa 1980 ulizua madai ya wizi wa kura, na miezi michache baadaye nchi ikaingia vitani hadi 1986. Katika uchaguzi wa 2001 na ule wa 2006 Kizza Besigye, mgombea urais wa upinzani, alipeleka malalamiko yake Mahakama ya Juu, iliyo ya mwisho nchini. Mara zote mbili majaji walikiri kwamba sheria za uchaguzi hazikufuatwa, na mara zote mbili matokeo yakabaki kwa kura za majaji 3 dhidi ya 2, kisha 4 dhidi ya 3. Mtu anaweza kuuona uamuzi huo kuwa mzuri au mbaya. Lakini kwenda kwa mwamuzi na karatasi mkononi, ukataja kituo, idadi na shahidi, ni uanamichezo wenyewe. Ni kile ambacho nahodha wa Cranes angeweza kufanya kwa refa kabla ya ngumi ya kwanza. Uungwana haumdai mtu akae kimya. Unamdai alete jambo linaloweza kupimwa, na unamdai mwamuzi alipime bila woga. Mwamuzi asipoaminika, watu hurudi kwenye ndumba na ngumi, na lawama ya hapo haiwaangukii walalamikaji peke yao.

Baada ya Kampala, Rwanda walikwenda Tunisia kwa mara yao ya kwanza. Walifungwa na wenyeji 2-1, wakatoka sare na Guinea, wakawafunga Kongo. Uganda walisubiri hadi tarehe 4 Septemba 2016, Farouk Miya alipofunga goli pekee dhidi ya Komoro na kuwapeleka fainali za Gabon 2017. Wachezaji wa kikosi kile walikuwa wa dini mbalimbali, na hakuna aliyeuliza goli la Miya limeswaliwa upande gani.

Kipimo kizuri zaidi kwangu kilikuja Oktoba 2021. Uganda na Rwanda walipangwa kundi moja kufuzu Kombe la Dunia, wakakutana mara mbili ndani ya siku chache. Uhusiano wa serikali hizo mbili ulikuwa mbovu tena. Mpaka wa Katuna ulikuwa umefungwa kwa upande wa Rwanda tangu mwanzoni mwa 2019, na ulifunguliwa Januari 2022. Watu wenye ndugu ng'ambo walikuwa hawaonani. Timu zilicheza hata hivyo. Uganda walishinda 1-0 Kigali, kisha 1-0 nyumbani Kitende, Fahad Bayo akifunga yote mawili, na mechi zote mbili zikachezwa hadi kipenga cha mwisho. Yale yale yaliyosemwa kuwa sababu ya vurugu za 2003, ujirani wenye chuki na goli linalokataa, yalikuwepo. Kilichobadilika ni watu waliochagua kucheza.

Kwenye timu zetu za Arua nimeweka utaratibu kutokana na kisa hiki, na wazazi wamekubali sehemu kubwa. Kabla ya mechi manahodha wote wawili hutembea pamoja na refa kuangalia magoli yote mawili. Kitu kisichohusika na mpira hutolewa mbele yao, bila kumuuliza yeyote kimetoka wapi. Mchezaji akishuku jambo katikati ya mchezo, anamwambia nahodha, nahodha anamwambia refa. Anayekwenda mwenyewe nyuma ya goli la wapinzani anatoka, hata kama ndiye mfungaji wetu bora.

Ubishi umebaki kwenye maji. Baadhi ya wazazi walokole huja na maji yaliyoombewa, nao wazazi wengine Waislamu wana maji yaliyosomewa, na wote hutaka kuyanyunyiza uwanjani. Kila upande unaona maji yake ni ibada na ya mwenzake ni uchawi. Niliwaita tukaongea mpaka giza. Msimamo wangu ni kwamba mtoto wako mwombee, mnyunyizie, msomee nyumbani au pale mnapokaa watazamaji, na hakuna atakayekuuliza. Goli la watoto wa wenzako usiliguse. Mama mmoja alisema nawanyima watu kumtumikia Mungu wao. Nilimuuliza angejisikiaje akimwona mtu wa dini nyingine akinyunyiza kitu asichokijua miguuni mwa mwanawe aliyesimama langoni. Alifikiri, akasema angemtoa mwanawe uwanjani. Utaratibu ukapita kwa maneno hayo yake, na msimu huu unatumika kwa timu zote, za msikitini na za parokia.